Pumzi ya sekunde sita yafichua ugonjwa wa moshi Uganda

MASINDI, Uganda – Mgonjwa anavuta hewa mpaka kifua kinajaa, anabana midomo kwenye mrija, kisha anapuliza kwa nguvu zote, bila kukatisha, kwa sekunde sita au zaidi. Kifaa hicho, spirometa, hakichomi sindano wala hakitaki damu. Ndicho kinachothibitisha ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, COPD, lakini katika zahanati nyingi za vijijini hakipo.

Wilayani Masindi, magharibi mwa Uganda, watafiti waliwapima wanavijiji 588 mwaka 2012, wote wakiwa wamevuka miaka 30. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet Global Health yalionyesha kuwa asilimia 16.2 walikuwa na ugonjwa huo. Wengi zaidi miongoni mwa wagonjwa hawakuwa wazee, bali watu wa miaka 30 hadi 39. Wanawake waliugua kama wanaume, ingawa ni wachache tu kati yao waliokuwa wakivuta sigara. Zaidi ya asilimia 90 ya waliopimwa waliishi na moshi wa kuni na mabaki ya mazao.

Spirometa hulinganisha hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza na hewa yote iliyopulizwa. Mgonjwa hupewa dawa ya kutanua njia za hewa, kama salbutamol, na baada ya dakika 15 hivi hupuliza tena. Uwiano ukibaki chini ya asilimia 70 kwa mtu mwenye dalili, hiyo ni COPD. Ukipanda na kurudi katika hali ya kawaida, daktari hufikiria zaidi pumu.

Bila kipimo, kikohozi kisichokoma hudhaniwa kifua kikuu. Mgonjwa anaweza kumeza dawa kwa miezi sita huku mafiga yakiendelea kufuka moshi ndani ya nyumba, na pafu lililoharibika halirudi kama zamani.

Hata hivyo, mashine peke yake haitoshi. Mtu akipuliza kwa ulegevu, jibu huwa la uongo. Anahitajika mhudumu aliyefundishwa kumhimiza. Kwa Tanzania na Kenya, ambako familia nyingi bado hupikia kuni na mkaa, Masindi si mbali.