Jembe, Ndoo na Sanduku la Bati

Fomu ya kujiunga na shule ya sekondari ya bweni ya serikali haijabadilika sana tangu zama za baba zetu. Jembe lenye mpini, fyekeo, ufagio wa chelewa, ndoo yenye mfuniko, shuka mbili, chandarua, rimu ya karatasi. Mzazi huisoma huku akipiga hesabu za fedha. Mtoto huisoma akikisia maisha yanayomngoja, na jambo la kwanza linalomtatiza ni lile jembe. Ameitwa akasome fizikia, mbona anaambiwa aje na jembe?

Nimeishi ndani ya mila za bweni miaka sita, katika shule moja ya nyanda za juu kusini, na bado naamini kwamba bweni lilinifunza Tanzania kuliko kitabu chochote cha uraia. Lakini anayetaka kujua mila zenyewe zilianzia wapi, afike Tabora.

Tabora ni mji wa miembe na wa reli. Reli ya kati ilifika pale mwaka 1912, na hadi leo ndipo treni ya Mwanza na ya Kigoma zinapoachana. Katika miaka ya 1920 Waingereza walifungua pale shule ya serikali ya wavulana, na hawakuificha nia yao: walitaka watoto wa machifu. Gavana Donald Cameron, aliyewasili mwaka 1925, alikuwa akijenga utawala wa kupitia machifu, na chifu wa kesho alitakiwa ajue kuandika barua, kutunza hesabu za kodi na kuendesha baraza. Mfano wa shule ukachukuliwa kwao Uingereza, kwenye shule za bweni za wakubwa: viranja, paredi, michezo ya jioni, kengele inayotawala kila saa. Kwa hiyo ile kengele ya chuma cha reli inayogongwa alfajiri katika shule zetu ina ukoo mrefu.

Mwaka 1937 akaingia kijana kutoka shule ya Mwisenge, Musoma, aliyekuwa hajabatizwa bado: Kambarage Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alikaa hadi 1942, kisha akaenda Makerere. Wasimulizi wa maisha yake husema kwamba pale Tabora ndipo alipopinga desturi ya viranja kupewa chakula zaidi ya wenzao. Abdallah Fundikira, aliyekuja kuwa chifu wa Unyanyembe na waziri katika serikali ya kwanza ya Watanganyika, alipita hapo. Rashidi Kawawa naye alipita hapo, na baba yake hakuwa chifu bali mwindaji wa tembo. Mtoto wa ikulu ya kijadi na mtoto wa mwindaji walikunywa uji wa chungu kimoja. Mwaka 1963, serikali iliyoongozwa na Nyerere na Kawawa ikaufuta uchifu kisheria. Shule iliyofunguliwa ili kuupa uchifu nguvu ndiyo iliyowalea watu waliouondoa, na sidhani kama hilo lilitokana na masomo ya darasani. Ukilala miaka mitano jirani na mtoto wa chifu, ukamwona akikoroma na akifua kaptura yake kwa zamu, heshima unayompa inakuwa ya mtu kwa mtu.

Baada ya Uhuru hali hiyo ikageuzwa kuwa sera. Mtoto wa Newala akapangiwa Tabora, wa Bukoba akapelekwa Malangali, wa pwani akajikuta Moshi kwenye baridi asiyoijua. Baba yangu mdogo alisafiri hivyo, akiwa na waranti ya serikali mfukoni na sanduku la bati lililoandikwa jina kwa rangi nyeupe. Alituambia kwamba treni yenyewe ilikuwa darasa la kwanza. Walipanda wasiojuana, na walipofika Dodoma walikuwa wanagawana mihogo ya kukaanga. Machi 1967 ukaja waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, na jembe likapewa maana mpya: shule iwe na shamba, iwe na bustani ya mboga na mifugo, na msomi asije akadharau mkono uliomlisha. Shamba la mahindi likawa sehemu ya ratiba kama ilivyo hisabati.

Sasa niingie bwenini, maana huko ndiko kuliko na mila zenyewe.

Mgeni wa kidato cha kwanza anaitwa njuka. Jina hilo utalibeba hadi waje njuka wengine. Katika siku za kwanza njuka huzungumzishwa, huimbishwa, huulizwa mama yake anaitwa nani mara kumi. Wapo walioamriwa kupima urefu wa uwanja wa mpira kwa njiti ya kiberiti, na wapo walioambiwa wazime taa ya umeme kwa kupuliza. Watu wazima hukumbuka hayo wakicheka. Mimi sicheki. Nilimwona mwenzangu akilia chini ya blanketi usiku wa tatu, akarudishwa kwao kabla ya mwezi kuisha, na hakusoma tena. Jando la babu zetu lilikuwa na maumivu, lakini kila mwari alikuwa na mlezi wake aliyekaa naye na kuwajibika kwake. Bweni liliiga ukali wa jando likasahau mlezi. Shule zilizopiga marufuku uonevu huo zimefanya la haki, na zile zilizompa kila njuka kaka mmoja wa kidato cha tatu au cha nne wa kumwongoza zimerudisha kitu ambacho jando lilikuwa nacho.

Kengele ya alfajiri ikilia, ni mchakamchaka. Mabweni hutoka kwa mistari, gizani, kiongozi akianzisha wimbo na wengine wakiitikia huku nyayo zikipiga ardhi. Ukitaka kujua shule ina hali gani, sikiliza mchakamchaka wake. Shule yenye njaa au yenye mgogoro na mkuu wake huimba kwa sauti ya chini. Baada ya hapo ni usafi: wengine chooni, wengine barabarani na chelewa, wengine kuteka maji. Kisha paredi, wimbo wa taifa, matangazo ya mwalimu wa zamu, ukaguzi wa nywele na kucha.

Chakula ni uji, ugali na maharage, na ugali na maharage tena. Wali na nyama vina siku yake, na siku hiyo hujulikana kwa kila mtu hata bila kalenda. Foleni ya bwalo ina sheria ambazo hazikuandikwa popote. Ukoko ni wa wanaosaidia jikoni. Anayeumwa huchukuliwa chakula na jirani yake wa kitanda, na jirani akisahau atasemwa bweni zima. Karanga, sukari au mafuta ya kula vikitoka nyumbani, mwenye mali ana haki ya kuvifungia sandukuni, ila usiku wa kwanza lazima kichumba chote kionje. Aliyekataa kuonjesha hakupigwa wala hakutukanwa. Aliachwa peke yake tu, na hakuna adhabu ya mwalimu iliyofikia hiyo.

Halafu lugha. Sheria ya shule inasema Kiingereza, na mlangoni pa ofisi kuna kibao kinachosema hivyo. Darasani tulijitahidi. Lakini mlango wa bweni ukifungwa, Kiswahili kilitawala, na hakikuwa Kiswahili cha redio. Msukuma alileta mkokoto wake, Mhaya akaleta madaha yake, mtoto wa Tanga akatusahihisha ngeli hadi tukachoka. Kati yao pakazaliwa Kiswahili cha bweni: kupiga msuli ndiko kusoma kwa bidii, nondo ni maarifa mazito ya kujibia mtihani, kudesa ni kubeba majibu ya mwingine. Maneno hayo yalihama na wanafunzi, shule hadi shule, hadi chuo kikuu.

Na utani ukahamia humo pia. Mhehe na Mngoni, ambao mababu zao walipigana karne ya 19, walichukuliana ndala bila kuombana. Mchaga na Mpare walikuwa na kesi isiyokwisha kuhusu nani mbahili. Nyumbani utani una wakati wake, hasa misibani. Bwenini ulikuwa wa kila siku, na ulizuia ngumi nyingi. Kijana aliyekasirika akiambiwa na mtani wake "wewe babu yako alikimbia," hasira ilikosa pa kukaa. Nimefika Songea na Iringa mara nyingi ukubwani, na kote nimepokelewa na watani niliowapata kwa kulala nao dabodeka moja, mimi juu, wao chini.

Mambo yamebadilika. Tangu katikati ya miaka ya 2000 shule za kata zimejengwa karibu kila mahali. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imeondolewa tangu 2016. Watoto wengi zaidi wanasoma, wasichana hasa, na mtu anayezitamani zama za shule chache amesahau ni wangapi waliachwa nje ya lango. Lakini mtoto wa shule ya kata hutoka kwao asubuhi na kurudi kwao jioni, miongoni mwa watu anaowajua tangu kuzaliwa. Kukutana na nchi kumesogezwa hadi kidato cha tano, wanapopangiwa shule za mbali, na huko wanakaa miaka miwili tu, mitihani ikiwa shingoni. Natamani pawe na njia ya kuwachanganya mapema zaidi, hata kama ni kwa muhula mmoja. Shule kongwe zimekarabatiwa, nazo zina mabati mapya na rangi mpya. Nani analala humo ndani, na pamoja na nani, ndilo jambo ninaloliuliza kila nikizipita.

Mwaka jana mpwa wangu alichaguliwa kidato cha tano, mkoa ambao hakuna ndugu yetu hata mmoja aliyewahi kuukanyaga. Nilimsindikiza stendi saa kumi na moja alfajiri. Kondakta alikataa kuliweka jembe ndani, akalifunga juu ya basi pamoja na ndoo na godoro. Kijana alikaa dirishani, akaogopa, akajikaza. Kwenye kiti cha pili alikaa mvulana mwingine mwenye fomu ileile mkononi, kutoka upande mwingine wa mkoa wetu. Walitazamana bila kusema. Basi lilipoanza kuondoka nikamwona mpwa wangu akifungua mfuko wa karanga alizokaangiwa na mama yake, akausogeza upande wa pili.