Wanaosomea misitu ya Costa Rica watatufunza kwa lugha gani?

Zamani mzazi wa Kenya aliposema kwamba mwanawe yuko ng'ambo akisomea kilimo, msikilizaji hakuwa na haja ya kuuliza ni wapi. Aghalabu alikuwa Uingereza au Marekani. Na wakati wa Vita Baridi, pengine Moscow. Kijana aliyekulia Kakamega au Taita alikwenda kufunzwa ukulima katika nchi ambako ardhi hufunikwa na theluji miezi kadha ya mwaka, na ambako mhogo na mgomba huonekana katika picha tu. Alirejea na shahada, lakini shamba la babake likawa geni machoni pake.

Kwa hiyo si jambo dogo kwamba vijana wa Afrika, Wakenya wakiwamo, wameanza kuelekea Costa Rica kusomea bayoanuwai na uzalishaji endelevu. Nchi hiyo ya Amerika ya Kati ina ukubwa wa kilomita mraba 51,000 hivi, haifikii hata sehemu moja ya kumi ya Kenya. Hata hivyo, wataalamu hukadiria kwamba imebeba takriban asilimia 5 ya spishi zote za viumbe duniani. Ililivunja jeshi lake mwaka wa 1948. Katika mji wa Turrialba kumekuwa na taasisi ya utafiti wa kilimo cha kitropiki tangu 1942, nayo ndiyo iliyozaa kituo cha CATIE mwaka wa 1973. Huko Guácimo, katika nyanda za joto na mvua za upande wa Karibi, Chuo Kikuu cha EARTH kilianza kufundisha mwaka wa 1990. Mwanafunzi wa hapo hushika jembe asubuhi na kalamu alasiri.

Anachokikuta huko kina manufaa kwetu. Kahawa ya Turrialba hukuzwa chini ya miti, na mti unaopendwa zaidi kwa kazi hiyo huitwa poró. Mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Matawi yake hupogolewa, majani yakaachwa yaoze chini ya mikahawa na kuirudishia ardhi rutuba. Mkulima hupata kivuli na mbolea kwa mpigo mmoja. Kituo hicho pia kinahifadhi mbegu hai za kahawa kutoka pande nyingi za dunia, zikiwamo zilizokusanywa Ethiopia na ujumbe wa FAO mnamo 1964 na 1965. Mwafrika husafiri masafa hayo yote, akafika na kuonyeshwa mikahawa iliyotoka jirani na kwao!

Atafunzwa pia habari za sheria ya misitu ya 1996. Kwa sheria hiyo serikali humlipa mwenye shamba anayeutunza msitu, kwa sababu msitu wake unahifadhi maji, unafyonza hewa chafu na kuwapa viumbe makao. Sehemu kubwa ya fedha hizo hutokana na kodi ya mafuta ya magari. Katika miaka ya 1980 misitu ilikuwa imepungua hadi kiasi cha robo ya nchi. Leo imerejea ikapita nusu. Wako wanaoipa sheria hiyo sifa zote. Mimi naona wanapita mpaka, maana bei ya nyama ya ng'ombe ilikuwa imekwisha anguka kabla ya hapo na malisho mengi yakaachwa yarudi kuwa vichaka.

Wala asidhani amefika peponi. Costa Rica inaongoza duniani kwa kuuza mananasi mabichi nchi za nje, na katika eneo la Siquirres, jirani kabisa na Guácimo, dawa ya kuua magugu iliingia katika visima vya vijiji, watu wakawa wanaletewa maji kwa malori miaka nenda miaka rudi. Mwanafunzi makini atalitembelea eneo hilo kama anavyolitembelea shamba la kahawa ya kivulini. Hapo ndipo atakapojua neno "endelevu" linapimwa kwa nini.

Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Linalonishughulisha, na hili ni la fani yangu, ni lugha. Masomo huko hutolewa hasa kwa Kihispania, kwa hiyo kijana wetu hujifunza lugha mpya ili apate maarifa. Ni heri, lugha haimlemei mtu begani. Lakini tazama linalotokea. Anaufahamu poró kwa Kihispania na kwa jina la kisayansi, Erythrina poeppigiana. Anajua hata kwamba Erythrina ni neno lenye asili ya Kigiriki, lenye maana ya wekundu, kwa ajili ya maua yake. Sasa mwulize: ndugu wa mti huo aliye kwao anaitwaje? Maana yupo, tena ni wa ukoo uleule, mwenye maua mekundu yayo hayo. Waluhya humwita murembe, na chini yake wazee wamekula viapo. Kwa Wakikuyu ni muhuti, kwa Wajaluo ni orembe, na katika Kiswahili umeandikwa kwa jina la mwamba-ngoma. Fimbo yake ikichomekwa ardhini huchipuka ikawa ua wa boma. Nachelea kwamba wengi wa wasomi wetu watababaika. Na asiyeujua mti kwa jina analolijua mkulima, atamwambia nini mkulima huyo kuhusu naitrojeni?

Hata neno bayoanuwai ni mseto: nusu yake ya mbele ni ya Kigiriki iliyopitia kwa Waingereza, na nusu ya nyuma ni ya Kiarabu. Silikatai, kwa kuwa Kiswahili kimejengwa kwa kukopa na kumiliki. Ila neno lililokopwa lisipokutana na murembe na muhuti, hubaki katika makaratasi ya semina.

Wacosta Rica wenyewe walilitambua jambo hili. Taasisi yao ya bayoanuwai, INBio, iliyoanzishwa 1989, haikungoja madaktari wa vyuo vikuu peke yao. Iliwachukua wanavijiji, wake kwa waume, ikawafunza kukusanya na kutambua wadudu na mimea, wakawa wasaidizi wa wanasayansi. Mwaka wa 2015 mkusanyo huo ulikabidhiwa Makumbusho ya Taifa, baada ya fedha kuwa haba. Lakini wazo lenyewe halikuwa na kasoro. Na huko milima ya Talamanca, Wabribri hukuza kakao na ndizi chini ya miti mirefu bila kemikali. Kwao kakao ni mti mtakatifu. Lugha yao hubadilisha umbo la namba kulingana na kinachohesabiwa, kiwe mtu, kitu cha mviringo au kitu kirefu. Sisi tuliozoea ngeli tunaweza kuelewa furaha ya kuhesabu hivyo. Kijana atakayepita Talamanca atauona utaalamu ambao umekaa ndani ya lugha, na lugha yenyewe ina wazungumzaji wachache.

Hapa kwetu mfano mzuri upo Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Watafiti wa ICIPE, taasisi iliyoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, walisaidia kubuni mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na nepia pembezoni. Desmodiamu huwafukuza nondo wanaozaa viwavi vya kutoboa mabua, nepia huwavuta nje ya shamba. Mizizi ya desmodiamu nayo huzuia lile gugu linyonyalo mahindi, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Mbinu hiyo ikaitwa vuta-sukuma. Kwa vitenzi viwili vya kila siku mkulima ameelezwa nusu ya somo kabla mtaalamu hajafungua mkoba wake.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde maarifa asilia ya jamii kuhusu bayoanuwai, na katika kifungu hichohicho inataka miti ifunike angalau asilimia 10 ya ardhi. Asilimia hiyo husemwa katika kila hafla ya kupanda miche. Maarifa asilia hayasikiki sana, labda kwa kuwa hayapigwi picha.

Pendekezo langu halihitaji bajeti kubwa. Kijana anayepewa nafasi ya kwenda Costa Rica akae kwanza majuma kadha na wazee wa kwao, aandike majina ya miti na matumizi yake, aende na daftari hilo. Akirejea, aongeze humo aliyoyaona Turrialba na Guácimo, kila mti mgeni kando ya ndugu yake wa nyumbani. Mfadhili atapata ripoti yake kwa lugha aitakayo. Sisi tudai ya pili, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, isomwe katika baraza la chifu kabla ya shahada kutiwa fremu na kutundikwa ukutani.