Usidharau jeraha dogo la kidole

Ulikuwa ukikata sukuma wiki, kisu kikateleza na kukukata kidole. Damu inachuruzika. Usikimbilie mafuta taa, majivu wala kahawa, kwani vitu hivi huchafua jeraha.

Twaa kitambaa safi, likandamize jeraha barabara huku umeinua mkono juu. Fanya hivyo kwa dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Damu ikikoma, osha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka. Vua pete kabla kidole hakijavimba.

Sasa, kabla ya kufunga bendeji, kipime kidole chenyewe. Wengi husahau jambo hili. Je, waweza kukikunja na kukinyoosha katika kila kiungo? Ukiigusa ncha yake pande zote mbili, wahisi? Kidole kisipokunjika, huenda ukano unaokivuta umekatika. Kikifa ganzi, huenda ni mshipa wa fahamu. Ngozi yaweza kupona vizuri, nawe ukabaki na kidole kisichokunjika maisha yako yote. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, kwa maana ukano uliokaa majuma kadhaa ni vigumu kuunganishwa.

Nenda pia ikiwa damu haikomi au jeraha limeachama. Na ikiwa ni chafu, na miaka 5 imepita tangu uchanjwe dhidi ya pepopunda, utahitaji chanjo nyingine.

Kidole kikikatika kabisa, kipande hicho kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, kisha mfuko uwekwe juu ya barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu.