Herufi Tatu Kwenye Fomu

Katikati ya miaka ya 2000, wanawake watatu wa Namibia waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI walikwenda kujifungua katika hospitali za serikali. Wote walifanyiwa upasuaji wa kumtoa mtoto, na katika upasuaji huohuo wakafungwa mirija ya uzazi. Fomu za ridhaa zilijazwa na sahihi zikawekwa. Lakini huduma iliyowakatia uzazi maisha yao yote iliandikwa kwa kifupi cha kitabibu: BTL. Mtu yeyote aliyefanya kazi wodi ya wazazi anazifahamu herufi hizo. Mama aliyeshikwa na uchungu, anayepewa kalamu huku akihema, hana namna ya kuzifahamu.

Kesi yao iliamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2012, serikali ikakata rufaa, na Novemba 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia ikaitupa rufaa hiyo. Madai kwamba walifungwa uzazi kwa sababu ya VVU hayakuthibitishwa. Yaliyothibitishwa ni kwamba hawakuridhia. Mahakama ilisema ridhaa inahitaji mtu ajue kinachokuja, akielewe, na aamue kwa hiari yake. Sahihi iliyochukuliwa katikati ya uchungu wa kuzaa haikutosha. Serikali ilikuwa imezishika fomu zile kama ngao, na ngao haikufaa kitu.

Naanza na kesi hii kwa sababu inaonyesha tatizo mahali linapokaa hasa. Sehemu kubwa ya mjadala wa haki za wagonjwa huhusu sheria yenyewe: ipo au haipo, ni kali au ni legelege. Kwa maoni yangu swali zito zaidi ni kama mtu anayeshika fomu ile wodini anajua sheria inamdai nini. Mara nyingi huyo si daktari bingwa. Ni muuguzi, au daktari wa mafunzo aliyemaliza chuo juzijuzi.

Chukua Kenya, ambako sheria imeandikwa vizuri. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, njia za uchunguzi na tiba zilizopo, na faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia. Inamtaka pia amweleze kwamba ana haki ya kukataa, na akikataa nini kinaweza kufuata. Maelezo hayo, inapowezekana, yawe katika lugha anayoielewa mgonjwa na yazingatie kama anajua kusoma na kuandika. Kifungu cha 9 kinakataza kumpa mgonjwa huduma bila ridhaa, kisha kinasema ridhaa ni ya mtu mwenye uwezo kisheria ambaye amekwisha kuelezwa yale ya kifungu cha 8. Vifungu hivi viwili vimefungwa pamoja makusudi. Yasipokuwepo mazungumzo, sahihi haina kitu inachokithibitisha.

Sasa nenda wodini saa nane za usiku. Daktari wa zamu amepita, ameamua mama aende thieta. Daktari wa mafunzo ameandika mawili matatu kwenye faili na ameitwa kwingine mbio. Fomu imebaki mezani kwa muuguzi ambaye usiku huo wodi nzima ni yake. Anaichukua, anaenda kitandani, anasema, "Mama, weka sahihi hapa, daktari anataka akusaidie." Mama anaweka, au anabonyeza kidole gumba. Fomu inarudi kwenye faili. Muuguzi huyu hana nia mbaya hata kidogo. Amefanya alivyomwona sista aliyemtangulia akifanya. Alifundishwa kwamba mgonjwa hapelekwi thieta bila fomu, na hilo amelishika. Kwamba fomu ni kumbukumbu ya maelezo ambayo mtu fulani alipaswa kuyatoa kabla, hakuna aliyekaa naye akamwambia.

Yako makosa mengine yanayofanana na hilo, na lililozoeleka kuliko yote ni la mume. "Baba watoto yuko wapi? Aje asaini." Nimesikia watu wenye elimu kubwa wakiamini kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kuidhinisha upasuaji wake mwenyewe. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Jamaa wa karibu huingia pale tu mgonjwa mwenyewe hawezi kutoa ridhaa, kwa mfano amezimia, na hakuna mtu mwingine aliyepewa mamlaka hayo kwa maandishi au kwa sheria. Mama mwenye akili timamu, anayezungumza na kuuliza maswali, ndiye mwenye uamuzi. Kumngoja mume asafiri kutoka mji mwingine huku mtoto akichoka tumboni ni kuvunja haki ya mama na kuhatarisha maisha mawili kwa pamoja.

Najua jibu litakalokuja: kwetu uamuzi ni wa familia. Ni kweli, na sheria haizuii mgonjwa kushauriana na nduguze wote akitaka. Inachokataa ni ndugu kuitwa pembeni ya korido wakaambiwa habari ambazo mwenye mwili hajaambiwa, kisha wakaamua juu yake.

Dharura nayo huvutwa ikawa ndefu kuliko ilivyo. Kifungu cha 9 kinaruhusu kutibu bila ridhaa katika hali ya dharura, na pia pale ambapo kuchelewa kunaweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebishika. Lakini ruhusa hii ya pili ina sharti lake: mgonjwa awe hajaikataa huduma hiyo, kwa kauli au kwa vitendo. Majeruhi wa ajali aliyepoteza fahamu anatibiwa, hakuna anayengoja. Mgonjwa aliyepangiwa upasuaji wa ngiri Jumanne asubuhi hawezi kugeuzwa dharura Jumatatu jioni kwa sababu tu hakuna aliyepata nafasi ya kumweleza.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya Afrika peke yake. England na Wales zilipata Sheria ya Uwezo wa Kiakili mwaka 2005, ikaanza kutumika 2007. Misingi yake iko wazi: kila mtu mzima achukuliwe kuwa ana uwezo wa kuamua mpaka ithibitike vinginevyo, na kufanya uamuzi unaoonekana si wa busara si ushahidi kwamba hana uwezo huo. Mwaka 2014 kamati ya Bunge la Mabwana ilichunguza utekelezaji wake. Iliona sheria yenyewe ni nzuri, ila waliopaswa kuitumia hawakuifahamu wala kuielewa vya kutosha, na katika huduma za afya mazoea ya kumwamulia mgonjwa yalikuwa bado na nguvu. Miaka saba, katika nchi yenye fedha na vyuo vyote vile.

Mwaka uliofuata, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Nadine Montgomery wa Scotland. Alikuwa mfupi, ana kisukari, na mimba yake ilikuwa ya mtoto mkubwa. Kwa akina mama wenye kisukari, hatari ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa ilikuwa kati ya asilimia 9 na 10. Daktari wake hakumwambia, na alieleza sababu: akina mama wakiambiwa, wangechagua upasuaji. Mtoto alikwama, akakosa hewa, akazaliwa na ulemavu. Tangu hukumu hiyo, kipimo cha kinachopaswa kuelezwa kimehama kutoka kwa desturi ya madaktari kwenda kwa mgonjwa: mtu wa kawaida aliye katika hali yake angeiona hatari hiyo kuwa nzito? Kama ndiyo, aambiwe.

Mahakama Kuu ya Kenya nayo, mwaka 2022, ilimpa haki mwanamke anayeishi na VVU aliyefungwa uzazi bila ridhaa ya namna hii. Kesi ilikuwa imefunguliwa mwaka 2014. Hukumu kama hizo husomwa na mawakili. Wodini hazifiki, isipokuwa mtu azibebe.

Zinabebwaje? Siyo kwa bango la haki za wagonjwa lililobandikwa ukutani karibu na dirisha la malipo. Mafunzo yanayoshika ni yale yanayofanyika kitandani: daktari mkuu anamweleza mgonjwa mbele ya vijana wake, kisha anamwomba arudie kwa maneno yake mwenyewe atakachofanyiwa na kwa nini. Akishindwa kurudia, anaelezwa upya, kwa Kidholuo au Kikamba ikibidi, na mtu anayekijua vizuri, asiwe mtoto wake wa darasa la sita. Kwenye faili inaandikwa nani alieleza, saa ngapi, kwa lugha gani, na mgonjwa aliuliza nini. Upasuaji unaandikwa kwa maneno kamili, bila vifupi. Kama mama anafikiria kufunga uzazi, jambo hilo linazungumzwa kliniki ya wajawazito, miezi kabla uchungu haujaanza.

Na yule muuguzi wa usiku, akipewa fomu ya mgonjwa ambaye hakuna aliyemweleza, aweze kuirudisha kwa daktari na kusema mgonjwa huyu bado hajaelezwa, bila kuitwa mkaidi asubuhi mbele ya wenzake. Hilo liko mikononi mwa msimamizi wa wodi na uongozi wa hospitali, na halihitaji bajeti mpya.