Kifaa cha Wi-Fi kikikataa kwenye Linux

Baadhi ya ofisi za makanisa yetu zinatumia kompyuta za zamani zenye Linux. Tukichomeka kifaa cha Wi-Fi cha USB na mtandao usionekane, tusikitupe. Mara nyingi si kibovu, kinakosa tu programu yake ndogo.

Kwanza tuandike lsusb kwenye dirisha la amri, tuone namba ya chipu. Ikianza na 0bda, ni Realtek. Kisha tuunganishe simu kwa kebo ya USB, tuiruhusu kugawa intaneti. Kwenye Debian 12, tuandike: sudo apt install firmware-realtek. Tuzime kompyuta na kuiwasha tena. Sadaka ya kanisa isinunue kifaa kingine kabla ya kujaribu hivi.