Vipindi 15 vya Mr. Bean na Rekodi Nyingine za Rowan Atkinson

Mtoto asiyejua hata neno moja la Kiingereza anamfahamu Mr. Bean. Kwangu mimi hiyo ndiyo rekodi kubwa kuliko zote alizonazo Rowan Atkinson, mwigizaji wake. Kipindi kilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya ITV ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na kufikia 1995 kilikuwa kimefika ukingoni. Vyote pamoja ni vipindi 15 tu, lakini vimeuzwa katika nchi na maeneo zaidi ya 190.

Kilichovuta watu wengi zaidi nyumbani kwao Uingereza ni kile cha 1992, chenye watazamaji milioni 18.74. Ndicho kile cha Bean kuchelewa kwa daktari wa meno: anavaa nguo na kupiga mswaki humo humo garini, na gari linakwenda!

Mtu anaweza kudhani vituko vile vinamjia tu. La hasha. Atkinson ni msomi wa uhandisi wa umeme, wa Newcastle na kisha Oxford, na vichekesho vyake huvipima kama fundi anavyopima mtambo. Mwaka 1987, kwenye tamasha la vichekesho la Montréal, aliomba apangwe katika onyesho la Kifaransa, ilhali hakuwa na lolote la kusema kwa Kifaransa. Alitaka kujua kama mwili na uso pekee vingetosha kuwachekesha watu wasiojua lugha yake. Vilitosha.

Tena mtu huyu ana kigugumizi, na herufi B ndiyo humtesa zaidi. Msikilize katika mfululizo wa vichekesho wa Blackadder anavyolitamka jina “Bob”: midomo inabana, kisha neno linapasuka, na ukumbi mzima unaangua kicheko. Sijaona msanii mwingine aliyeugeuza ugumu wa ulimi kuwa mali kiasi hicho.

Kwa upande wa fedha, filamu ya Bean ya 1997 iligharimu takriban dola milioni 18 na kuingiza zaidi ya milioni 250. Nje ya kazi kulikuwa na gari lake, McLaren F1, alilopata nalo ajali 2011. Matengenezo yalifika pauni 910,000, malipo ya bima yaliyotajwa kuwa makubwa zaidi kuwahi kutolewa Uingereza kwa gari moja. Mwaka 2015 aliliuza kwa pauni milioni 8.

Lakini tukio linalonisisimua kuliko hayo yote lilitokea Kenya, Machi 2001. Yeye na familia yake walikuwa ndani ya ndege ndogo iliyotoka Ukunda kwenda Nairobi, mara rubani akazimia angani. Atkinson hakuwahi kurusha ndege maishani mwake. Alishika usukani, akaizuia isianguke mpaka rubani alipozinduka na kuitua salama Uwanja wa Wilson.