Baisikeli, Vilima vya Karura na Fatwa ya Ujana Wangu



Mwezi uliopita nilikuwa mgeni wa dada yangu huko Ngara, Nairobi. Baada ya chajio, binti yake wa miaka 14 alinisogelea kwa adabu akasema: "Mjomba, wenzangu wa shule wanakwenda msitu wa Karura kuendesha baisikeli. Mama hajanipa ruhusa. Amesema nikuulize wewe."

Nikamtazama dada yangu. Alikuwa akikusanya sahani, wala hakuinua uso. "Muulize mjomba wako," alisema, "yeye ndiye mwenye fatwa ya baisikeli."

Maneno yale yalinichoma, kwani nilijua yalikotoka. Miaka 35 iliyopita, mtaani kwetu Mombasa, nilimkuta kichochoroni akijifunza kupanda baisikeli ya marehemu baba. Mimi nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na vitabu viwili vitatu kichwani. Nilimnyang'anya mbele ya wenzake nikamwambia ni haramu. Hakuipanda tena. Ukweli ni kwamba siku ile sikuwa na dalili yoyote mkononi. Nilichokuwa nacho ni kuogopa midomo ya watu, nikakivisha kilemba cha dini.

Nilimjibu mtoto: "Utakwenda. Lakini kwanza Jumapili hii tutakwenda sote, nikaone kwa macho yangu."

Njia ya kutoka Ngara

Anayeishi Ngara yuko karibu na msitu kuliko anavyodhani. Barabara iliyokuwa ikiitwa Forest Road, ambayo leo ina jina la Profesa Wangari Maathai, ipo hapo hapo. Ukiishika Barabara ya Limuru ukapita Parklands na bustani ya City Park, baada ya kilomita chache utafika lango la Karura. Sisi hatukuendesha baisikeli barabarani. Matatu na magari ya haraka hayamsubiri mwanafunzi wa baisikeli. Tulipanda teksi baada ya kupata kifungua kinywa, tukalipa kiingilio langoni, na baisikeli tukazikodi huko huko.

Karura ina takriban hekta 1,000, na ni msitu wa hifadhi tangu mwaka 1932. Wakazi wa zamani wa Nairobi wanakumbuka ulivyoogopwa kwa sababu ya majambazi. Wanakumbuka pia jinsi sehemu zake zilivyogawiwa watu binafsi ili wajenge, na jinsi Wangari Maathai na wenzake walivyosimama kuupinga ugawaji huo. Mwezi wa Januari 1999 alipigwa hadi akamwaga damu, alipokwenda kupanda miti msituni humo. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Leo kina mama wanatembea Karura na watoto wao bila hofu, na wengi hawajui kwamba kivuli kile kilipiganiwa na mwanamke.

Njia za msituni ni za udongo mwekundu. Zinapanda, zinashuka, zinakata vijito, kisha zinapanda tena. Kwenye makutano yake pana alama zenye nambari, hivyo mwenye ramani hapotei. Ipo miti ya kigeni kama mikaratusi, na ipo ya asili, ukiwemo muhugu, ule ule unaoota kwetu katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Kima wanakutazama kutoka matawini kana kwamba wewe ndiwe kioja. Tulipokaribia maporomoko ya mto Karura tulizishuka baisikeli tukatembea, tukakaa kusikiliza maji.

Kwa sisi watu wa pwani, vilima ni somo jipya. Mombasa ukikanyaga pedali unakwenda. Karura, usipobadilisha gia kabla mlima haujaanza, mnyororo unalia na miguu inagoma. Mpwa wangu alilifahamu hilo upesi. Mimi nililifahamu baada ya kusukuma baisikeli kwa mikono mara tatu.

Milima ya juu zaidi

Waliokomaa huendelea mbele ya Karura, wakapita Ruaka na Banana hadi Tigoni na Limuru. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru imepita mita 2,200. Yaani ni kupanda nusu kilomita kwenda juu, katikati ya mashamba ya chai, zao lililopandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko huko Limuru mwaka 1903.

Mwaka huo huo wa 1903, huko Ufaransa, yalianzishwa mashindano ya baisikeli ya Tour de France, yanayopita milima na misitu ya nchi ile. Vilima vya Kiambu vina sehemu katika habari zake. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alijifunza mbio za baisikeli kwa Mkenya David Kinjah, upande wa Kikuyu. Baadaye, akiiwakilisha Uingereza, alishinda mashindano hayo mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu humo, na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika.

Wanawake nao wamerudishiwa Tour de France yao tangu mwaka 2022, na mwaka huo walimalizia kwenye milima ya Vosges yenye misitu. Sisemi binti zetu waige mavazi ya wapanda baisikeli wale. Nasema tu kwamba kifua na miguu ya mwanamke inauweza mlima.

Je, inajuzu?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi, nami sasa nalijibu kwa utulivu nilioukosa ujanani. Asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Hadithi sahihi zinawasifu wanawake wa Kikureshi waliokuwa wakipanda ngamia, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha. Baisikeli ni kipando. Linalotakiwa ni sitara, usalama na mahali pa heshima. Yakitimia hayo, anayesema haramu na alete dalili, asilete aibu ya mtaa.

Juu ya sitara na usalama, haya ndiyo tuliyojifunza siku ile:

Buibui refu huingia kwenye mnyororo au spoki, na hiyo ni hatari kubwa. Vaeni suruali pana ndani, na juu yake vazi lenye nafasi linalofika magotini au chini yake kidogo. Pindo lifungwe lisipepee.

Chagueni baisikeli ya kike, isiyo na chuma cha juu, yenye kifuniko cha mnyororo. Kupanda na kushuka kunakuwa kwa stara.

Ushungi uwe mwembamba na ubanwe vizuri, ili kofia ngumu ikae juu yake bila kuteleza.

Kwenye mteremko, punguzeni mwendo kabla ya kona, wala si ndani ya kona. Tumieni breki zote mbili kwa upole. Ya mbele peke yake ikibanwa ghafla humrusha mtu.

Baada ya mvua udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Ahirisheni safari.

Chukueni maji na tende, na mpange safari ili adhuhuri isiwapite njiani.

Tulipokaribia kurudisha baisikeli, nilimwita dada yangu kando. Nilimwambia: "Siku ile kichochoroni nilikosea. Nilisema jambo la Mwenyezi Mungu bila elimu, nikakuvunja moyo. Nisamehe." Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Nilikuwa nimebakisha siku moja tu nijue kugeuka."

Binti yake akamletea baisikeli. Nikashika kiti kwa nyuma, kama ambavyo ilinipasa kufanya tangu zamani. Alikwenda hatua kumi, labda kumi na mbili, akayumba, akaweka mguu chini. Hakukubali kurudia. "Leo basi," alisema, "magoti si ya miaka kumi na miwili tena." Lakini njia nzima ya kurudi Ngara alikuwa akimweleza binti yake jinsi baisikeli ya babu yake ilivyokuwa nzito, na jinsi kengele yake ilivyosikika mtaa mzima.

Ndugu zangu wanaume, kabla hatujawaambia mabinti zetu "haramu", tujiulize kwanza tunamwogopa nani. Neno lisemwalo kwa dakika moja laweza kukaa kwenye moyo wa mtoto miaka 35.

Wabillahi tawfiq.